Siku moja maishani mwangu: mashine ya ngozi inaporuka mishono

Saa moja na nusu asubuhi

Kabla ya kuwasha mota nazungusha gurudumu la mashine kwa mkono, bila uzi wala ngozi. Mashine nzito za ngozi huenda polepole, kwa hiyo kama kuna chuma kinakwaruza chuma pasipostahili, kiganja hukijua mapema kuliko sikio. Leo iko shwari. Natia tone la mafuta kwenye njia ya ndoano, ile inayoukamata uzi chini ya sindano, nafuta vumbi la ngozi chini ya bamba la sindano, basi.

Kazi iliyopo ni mikanda ya kubebea mabegi. Sehemu kubwa ya mkanda ina tabaka mbili za ngozi, lakini kwenye ncha, panapokaa pete, zinakuwa tatu na unene unafika karibu milimita 10. Uzi ni nailoni ya Tex 270 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi), sindano ni namba 25, yaani Nm 200 kwa kipimo kingine cha unene wa sindano. Hivyo viwili vinaendana.

Saa mbili na robo

Mkanda wa kwanza unapita vizuri. Kwenye wa pili mlio unabadilika kidogo, na nikiugeuza naliona tatizo: mshono mmoja una urefu mara mbili ya wenzake, na katikati yake kuna tundu tupu. Sindano imetoboa, uzi haukubaki. Mbele kidogo, jingine.

Kwenye kitambaa ungefumua ukarudia. Ngozi ukishaitoboa imetoboka.

Kijana ninayemfundisha kazi tayari ana mkono kwenye kitufe cha mkazo. "Fundi, nikaze uzi wa juu?"

"Acha kwanza. Mkazo ukikosea, fundo la uzi wa juu na wa chini linajitokeza juu au chini ya ngozi. Hapa fundo halipo kabisa."

Ananiangalia kama vile nimemkatalia chakula. Sababu naijua: kitufe cha mkazo kiko mbele ya macho na kinazungushika kirahisi, kwa hiyo kila mtu hukigusa kwanza. Mwisho wa siku unabaki na mishono inayoruka na mkazo uliovurugika pia.

Saa mbili na nusu

Naanza na sindano, kwa sababu ni rahisi na ndiyo mkosaji wa kawaida. Naitoa na kuibiringisha juu ya kioo: ikiwa imepinda, ncha yake huchezacheza. Napitisha ukucha kwenye ncha kutafuta kikwaruzo. Haijapinda, lakini karibu na tundu la uzi kuna ukoko mweusi wa gundi ya jana. Huo peke yake unaweza kuukamata uzi usifanye kazi yake, kwa hiyo naweka sindano mpya.

Kuiweka kuna adabu yake. Isukume juu hadi igote, kisha angalia inaelekea wapi. Upande mmoja ina mfereji mrefu. Huo unaelekea uzi unakoingilia. Upande wa pili, juu kidogo ya tundu, ina kibonde kifupi. Hicho kinatazama ndoano. Kwa sindano za ngozi zenye ncha ya makali, jicho hudanganyika haraka, kwa hiyo napitisha waya mwembamba kwenye tundu na kuutumia kama mshale. Waya ukikaa upande, hata kwa kiasi kidogo tu, nazungusha sindano kabla ya kukaza skrubu.

Nashona. Afadhali, lakini bado inaruka.

Saa tatu

Sasa naacha kuuliza kwa nini, nauliza wapi. Nampa kijana chaki aweke alama kila iliporuka, kwenye mikanda yote tuliyoshona. Alama zote zinakusanyika mahali pamoja: mara tu mashine inaposhuka kutoka tabaka tatu kwenda mbili. Katikati ya mkanda hakuna hata moja. Inapopanda hakuna.

Ndoano iliyopoteza majira, yaani wakati wake wa kukutana na sindano, haichagui mahali. Ingeruka popote. Kwa hiyo bisibisi inarudi kwenye droo.

Saa tatu na nusu

Hii ndiyo sehemu ninayotaka kila mwanafunzi wangu aielewe kabla hajajua kitu kingine chochote kuhusu mashine. Navua kifuniko cha ndoano, nawasha tochi, naweka mkanda mahali pale pa kushukia, na kuzungusha gurudumu kwa mkono taratibu sana.

Sindano inashuka na uzi hadi chini kabisa. Kisha inaanza kupanda. Upande wa mfereji uzi umejificha, unapanda na sindano bila shida. Upande wa kibonde uzi unabanwa na ngozi, haupandi upesi, kwa hiyo unavimba na kufanya kitanzi kidogo kando ya sindano. Ncha ya ndoano inakuja wakati huohuo, inaingia kati ya uzi na kibonde, inachukua kitanzi na kukizungusha kwenye bobini yenye uzi wa chini. Mshono ni huo tu. Kitanzi kikiwa kidogo, kikichelewa au kikiegemea upande, ndoano inapita patupu na tundu linabaki wazi.

"Angalia ngozi, usiangalie sindano," namwambia.

Anainama. Baada ya muda anasema, "Fundi, ngozi inapanda nayo."

Ndivyo. Sindano inapoanza kupanda, ngozi nayo inanyanyuka kama milimita mbili hivi, inaifuata. Ikiwa ngozi na sindano vinapanda pamoja, uzi haubanwi na chochote, na kitanzi hakizaliwi. Sababu iko mbele ya macho yetu: kisigino cha mguu wa mashine, ule unaoigandamiza ngozi, bado kimekanyaga ile sehemu ya tabaka tatu, na kidole chake cha mbele kinaning'inia hewani. Pale sindano ilipo hakuna kinachoishikilia ngozi chini.

Saa nne

Kuna njia tatu za kutengeneza hili na si zote ninazozipenda. Ya haraka ni kukaza skrubu ya mgandamizo wa mguu. Naikaza kidogo, kwa sababu ilikuwa legevu kwa unene huu, lakini nikikaza zaidi meno yanayosogeza ngozi na mguu vitaacha alama kwenye ngozi laini, na mteja ataziona kabla ya kuuona mshono. Ya pili ni kuweka kipande cha ngozi chenye unene wa tabaka moja chini ya kidole cha mbele, kando ya mstari wa mshono, mguu ulale sawa. Hiyo inafanya kazi kwenye mikanda ambayo imeshagundishwa.

Ya tatu ndiyo sahihi: kupunguza ukingo wa ile tabaka ya tatu kwa kisu kabla ya kugundisha, ili mguu uteremke mteremko badala ya kuruka ngazi. Kijana anachukua kisu na mikanda isiyogundishwa bado. Hakunung'unika, ingawa ni kazi ya kuchosha.

Hadi saa sita tunashona. Hakuna cha kusimulia.

Saa saba na nusu mchana

Pochi mbili za ngozi nyembamba, uzi wa Tex 135. Nabadilisha sindano: namba 22, Nm 140. Kuacha Nm 200 hapo kungeleta tatizo lake, maana tundu pana kwenye ngozi linauacha uzi mwembamba ukicheza, haubanwi, na kitanzi kinalegea. Sindano nyembamba kupita kiasi nayo ina lake: uzi mnene hausogei kwenye mfereji, unachanika nyuzinyuzi.

Lakini mashine hii inaruka na sindano namba 22 pia, na safari hii inaruka popote. Hapa ndipo watu wengi huishia kwenye majira ya ndoano. Ninachoangalia ni nafasi. Ncha ya ndoano inatakiwa ipite karibu kabisa na kibonde cha sindano bila kuigusa, pengo la milimita 0.05 hadi 0.1, unene wa karatasi au pungufu. Mashine hii imerekebishwa kwa sindano nene. Ukiweka nyembamba, chuma kinapungua na pengo linaongezeka. Kitanzi kikubwa cha uzi mnene kingevumilia. Kitanzi kidogo cha Tex 135 hakivumilii.

Siwezi kusogeza ndoano kwa ajili ya pochi mbili halafu niirudishe kesho kwa mikanda. Nazihamishia kwenye mashine ndogo. Ukiwa na mashine moja tu, chagua unene wa kazi unayofanya zaidi, irekebishe kwa huo, na kazi nyingine zishone kwa mkono. Najua ushauri huu haupendwi.

Saa tisa

Simu. Ni fundi mwenzangu, mkubwa wangu kiumri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bwana, mashine imegoma. Ilikuwa inaruka moja moja, nikalegeza ndoano niisogeze. Sasa haishiki hata mshono mmoja."

Kabla ya yote namuuliza sindano ni ipi na kibonde kinatazama wapi. Ananyamaza, nasikia vyuma, anarudi. Iko sawa. Basi tunaanza na majira, yeye na rula, mimi kwenye simu. Ondoa bamba, mguu, bobini. Weka urefu wa mshono anaoutumia. Zungusha gurudumu hadi sindano ifike chini kabisa, kisha endelea hadi ipande milimita 2 hadi 2.5. Hicho ni kipimo cha mashine nyingi. Kubwa zaidi huhitaji kupanda zaidi, na kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Hapo simama.

"Ncha ya ndoano iko wapi?"

"Imeshaipita sindano."

"Irudishe ikae katikati ya sindano. Halafu tundu la sindano liko chini ya ncha kiasi gani?"

"Limepakana nayo."

Tundu linatakiwa liwe chini ya ncha ya ndoano kwa milimita 1.5 hadi 2 hivi, ili kitanzi kiwe na nafasi ya kukaa. Likiwa juu mno, fimbo inayoshika sindano imepanda. Kwake ilikuwa fimbo: skrubu yake imelegea na imekuwa ikipanda kidogo kidogo, ndiyo maana iliruka moja moja mwanzoni. Ndoano haikuwa na kosa. Anaishusha fimbo, anakaza, anaipanga ndoano upya. Namwambia apapase ncha yake kwa kidole, na ikiwa ina kinyweleo cha chuma ailainishe kwa msasa laini kabisa, asiinoe. Ndoano fupi hairefushwi.

"Ijaribu kurudi nyuma pia," namwambia kabla hajakata simu. Mashine nyingi zinashona vizuri kwenda mbele na kuruka kurudi nyuma, na hujui hadi mwisho wa mkoba wa mteja.

Saa kumi na moja

Kijana anaruka mshono kwenye kona. Hapa mashine haina neno, ni mkono. Amegeuza ngozi sindano ikiwa chini kabisa, kabla ndoano haijachukua kitanzi, na kitanzi kimejikunja. Namwonyesha: shuka hadi chini, endelea mpaka sindano ianze kupanda na ndoano imeshashika, ndipo ugeuze. Na usiivute ngozi. Ukiivuta, sindano inapinda kidogo ndani ya ngozi na kukwepa ndoano, kisha inanyooka ikitoka na hutaona ushahidi wowote.

Saa kumi na mbili

Mikanda ya asubuhi yenye matundu tupu iko mezani. Nafumua mishono michache kila upande wa ruko, nabakiza ncha za uzi, na kushona kwa mkono kwa sindano mbili butu kupitia matundu yaleyale. Ncha nazichoma kidogo na kuzibana, maana nailoni inayeyuka na kushika.

Kwenye kichwa cha mashine nabandika utepe na kuandika: Tex 270, sindano 25, mgandamizo umekazwa leo, punguza ukingo wa tabaka ya tatu. Kijana anaongeza mstari wake chini kwa kalamu: usiguse mkazo.