Moshi Utokao Ardhini: Safari ya Kwenda Nicodemus, Kansas

Mwezi Julai mwaka 2016 mjomba wangu, ambaye amelima maisha yake yote katika vijiji vya Mpwapwa, alikuja kunitembelea Kansas City ninakoishi, na baada ya wiki moja ya kuzungushwa madukani aliniambia kwa upole kwamba ameona majengo ya kutosha na sasa angependa kuona mashamba. Nami kwa miaka mingi nilikuwa nikitamani kufika Nicodemus, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, jimbo ambalo utumwa ulikoma kisheria Desemba 1865, yaani miaka 12 tu kabla ya wao kuja kudai ardhi yao wenyewe katika mbuga za Kansas. Haja zetu mbili zikakutana. Alhamisi alfajiri tulitia maji na mikate garini tukashika barabara kuu namba 70 kuelekea magharibi.

Barabara hiyo kwa sehemu kubwa inaandamana na njia ya reli ya zamani ya Kansas Pacific, ambayo ilifika Denver mwaka 1870 na ambayo ndiyo iliyowaleta walowezi wengi wa sehemu hizi. Tulipita Topeka bila kusimama, tukaingia katika vilima vya Flint Hills, ambako mawe yamelala karibu mno na uso wa ardhi kiasi kwamba plau zilishindwa, na kwa sababu hiyo nyasi ndefu ambazo zamani zilifunika eneo kubwa sana la katikati ya Marekani bado zipo pale zikiliwa na ng'ombe. Mjomba alitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilisubiri: "Mjomba, nchi yote hii waligawanaje?"

Nilimweleza kuhusu sheria ya Homestead aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, au aliyekuwa kichwa cha familia, awe raia au mhamiaji aliyetangaza nia ya kuwa raia, mradi hakuwahi kuishikia Marekani silaha, aliweza kuandikisha ekari 160, akajenga nyumba, akalima, akaishi hapo miaka 5, na mwisho akapewa hati ya kumiliki kwa ada ambazo kwa jumla zilikuwa kama dola 18. Wanawake wajane na wasioolewa waliruhusiwa. Waliotoka utumwani nao waliruhusiwa, hasa baada ya katiba kuwatambua kuwa raia mwaka 1868. Hadi sheria hiyo ilipofikia mwisho wake katika karne ya 20, watu wapatao milioni 1.6 walikuwa wamepata hati, na ardhi iliyogawiwa ilikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya nchi nzima.

"Bure?" aliuliza.

"Bure, isipokuwa hizo ada."

"Na kabla ya hapo ilikuwa ya nani?"

Hapo ndipo hadithi ya ardhi ya bure inapokwama, na mimi naamini hakuna haki ya kuisimulia bila kupita hapo. Jimbo lenyewe limebeba jina la Wakansa, kabila la wenyeji wa asili ambao leo huitwa Wakaw, na Wakaw hao waliondolewa katika jimbo lenye jina lao mwaka 1873 wakapelekwa kusini, katika nchi ambayo sasa ni Oklahoma. Upande wa magharibi, mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1851 ulikuwa umetambua kwamba nchi kati ya mto North Platte na mto Arkansas, pamoja na magharibi mwa Kansas, ni ya Wacheyenne na Waarapaho. Miaka 16 baadaye, kwa mkataba mwingine uliofanywa Medicine Lodge Oktoba 1867, makabila hayo yalitakiwa kuhamia kusini. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema kwamba shamba la kupewa na asiyekuwa mwenyewe huwa na kesi ndani yake hata kama mpokeaji hana kosa.

Baada ya Salina miti ilipungua, na kabla ya kufika Hays tulianza kuona nguzo za uzio zilizochongwa kwa mawe. Mjomba alinitaka nisimame. Alishuka akaipapasa moja, nguzo ya jiwe la chokaa la rangi ya kahawia hafifu, yenye mshipa wa kutu katikati, imara kama kaburi la kale. Walowezi wa eneo hili hawakuwa na mbao, lakini walikuwa na tabaka la jiwe ambalo likiwa bichi hukatika kwa urahisi kisha likipigwa na hewa hukazana, na waya wa miiba ulipoenea baada ya Joseph Glidden kupata hataza yake mwaka 1874, wakawa na kila kilichohitajika kuifunga mbuga iliyokuwa wazi. Nguzo zile zimesimama hadi leo, waya umebadilishwa mara nyingi.

Huko Hays tuliiacha barabara kuu tukaelekea kaskazini hadi Stockton, halafu magharibi tena kwa barabara namba 24. Ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa, mabua yamebaki ya manjano hadi upeo wa macho, lakini kando yake kulikuwa na shamba la kijani ambalo lilimfanya mjomba anishike mkono ghafla hata nikapunguza mwendo kwa hofu. "Mtama!" Na kweli ulikuwa mtama, mfupi kuliko wetu, umezalishwa hivyo ili mashine iweze kuuvuna, lakini jani ni lile lile na bua ni lile lile. Kansas hulima mtama kuliko jimbo lolote la Marekani, na asili ya zao hilo ni Afrika. Tangu atue uwanja wa ndege sikuwa nimemwona akifurahi namna ile.

Nicodemus haijitangazi. Unaona mnara wa maji, bustani yenye meza chache, nyumba zilizotawanyika, na majengo matano ya kihistoria ambayo tangu mwaka 1996 yamo katika hifadhi ya taifa: makanisa mawili, hoteli ya zamani, shule ya mwaka 1918 na ukumbi wa mji uliojengwa kwa mawe ya chokaa mwaka 1939. Wakazi wa kudumu ni wachache sana. Siku ile, hata hivyo, watu walikuwa wakisimamisha mahema na kupanga viti, kwa kuwa mwishoni mwa Julai kila mwaka wazao wa waanzilishi hurudi kutoka kila pembe ya Marekani kuadhimisha uhuru, na kijiji chenye ukimya hujaa vicheko na moshi wa nyama.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na maonyesho. Nilisimama kwa muda mbele ya nakala ya tangazo lililobandikwa Lexington, Kentucky, likiwaambia watu weusi wanaotaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 kwamba wanaweza kufanya hivyo kwa dola 5. Kampuni ya kuanzisha mji ilikuwa imeundwa mwaka huo huo na wanaume weusi sita wakiongozwa na mchungaji W. H. Smith, pamoja na mzungu mmoja, W. R. Hill, aliyekuwa dalali wa viwanja. Walitangaza nchi yenye rutuba, maji na nafasi. Mamia walikuja kwa treni hadi Ellis, kisha wakatembea kwa zaidi ya kilometa 50 kwenda kaskazini, na walipofika hawakukuta mji. Makumi ya familia ziligeuza na kurudi zilikotoka.

Mama mmoja mtu mzima, mzao wa waanzilishi, aliyekuwa akipanga picha za familia kwenye meza, aliona tumesoma kwa makini akaja kutusalimu. Mjomba aliinamisha kichwa kwa heshima akasema "Shikamoo mama", akasahau kwamba yuko ugenini, na nilipotafsiri maana yake yule mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Ndiye aliyetuonyesha maneno ya Willianna Hickman, aliyewasili na kundi la masika ya mwaka 1878 akiwa mgonjwa, baada ya surua kuwaua baadhi ya watoto wa msafara wao. Wanaume walipopaza sauti kwamba Nicodemus ile pale, yeye alikaza macho na hakuona kitu. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini hapa na pale, akamwambia huo ndio Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi katika nyumba za kuchimbwa. Akaanza kulia.

Nilimtafsiria mjomba. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kwa nini alilia, kwa sababu babu yake mwenyewe alizaliwa na kufia ndani ya tembe, nyumba fupi yenye paa la udongo, na Wairaqw wa Mbulu walikuwa wakichimba tembe zao ndani ya mlima kabisa. Nilipomwambia yule mama habari hizo alikaa kimya, halafu akasema taratibu kwamba Willianna hakulia kwa sababu ya udongo, bali kwa sababu aliahidiwa mji. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hivyo, na tangu siku ile siwezi kulifikiria kwa namna nyingine.

Majira ya baridi ya kwanza yaliwakuta bila akiba. Kuni zilikuwa mabua ya alizeti, matawi ya miti ya mtoni na kinyesi kikavu cha baisoni. Kumbukumbu za kijiji zinasema kwamba Waosage, kabila jingine la wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama, na bila nyama hiyo wengi wasingeona masika. Waosage hao walikuwa wenyewe wamehamishwa kutoka Kansas miaka michache tu kabla. Kisha Septemba mwaka 1878, Wacheyenne wa kaskazini zaidi ya 300, wakiongozwa na Dull Knife na Little Wolf, walitoroka njaa na maradhi ya kule kusini walikopelekwa, wakakatiza magharibi mwa Kansas wakijaribu kurudi kwao, na wanajeshi nyuma yao. Damu ya pande zote mbili ilimwagika njiani. Mwaka ule ule, basi, katika mbuga ile ile, mkulima aliyewahi kuuzwa kama ng'ombe alikuwa akichimba ekari yake ya kwanza, na mwenye mbuga alikuwa akipita usiku kama mkimbizi. Nimeisoma historia hii mara nyingi, lakini ukiwa umesimama pale huwezi kuutenga ushindi wa mmoja na msiba wa mwingine.

Yule mama alituambia tukitaka kujua kazi waliyoifanya tushuke upande wa mto. Mjomba aliokota tawi gumu akalisukuma ardhini kati ya nyasi fupi. Halikuingia hata kidole kimoja, kwa kuwa mizizi imesukana kama mkeka. Masika ya mwaka 1878 kijiji kizima kilikuwa na farasi watatu tu, na wengi walivunja ardhi hiyo kwa sepetu na jembe la mkono, huku baadhi ya wanaume wakienda kwa miguu kutafuta vibarua kwenye reli. Pamoja na hayo, mwaka 1879 walikuwa na shule, na baada ya miaka michache wakawa na maduka, hoteli na magazeti mawili. Edward McCabe, aliyehamia hapo mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas.

Kilichowaangusha hakikuwa uvivu. Mwaka 1888 reli waliyoitegemea ilipita kusini mwa mto, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao, mengine yakiwa mazima mazima, kuufuata mji mpya wa Bogue. Na mvua nayo ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1878 mwanajiolojia John Wesley Powell alikuwa ameiambia serikali kwamba magharibi mwa longitudo ya 100, ambayo ni kama mwendo wa nusu saa tu kwa gari kutoka Nicodemus, kilimo bila umwagiliaji ni hatari, na kwamba ekari 160 hazimtoshi mtu wa malisho, bali apewe 2,560. Hawakumsikiliza. Nilipomtajia mjomba kiasi cha mvua cha eneo lile alisema mara moja, "Hiyo ni mvua ya kwetu," na uso wake ukawa mzito, kwa kuwa anajua mvua ya namna hiyo hufanya nini mwaka wa tatu na wa nne.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika penye mteremko juu ya mto Solomon. Katika nyasi kulikuwa na kishimo kirefu, si kirefu kwenda chini sana, kingo zake zimelainika, ambacho mtu asiye na macho ya kijijini angekipita tu. Mjomba aliingia ndani yake. Alipima kwa hatua: tano kwa nne. Akageuka taratibu, akainua mkono kuhisi upepo, akaelekeza kidole upande wa kusini. "Mlango ulikuwa huku," alisema. "Na moto ulikaa pale, kwenye kona." Alivua kofia, akabaki amesimama pale penye kona, nami sikumwita hadi taa za kwanza zilipowashwa kwenye mahema kule juu.