Usiku nilioshuka Malindi mji hauna umeme

Watu wakisimulia siku yao ya kwanza Unguja mjini utaskia Forodhani, utaskia urojo, taa zinavyong'ara baharini. Mie siku yangu ya kwanza sikuona taa hata moja. Ilikuwa Januari 2010, na kama ulikuwepo unajua nnazungumza nini. Ule waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara na kuingilia Fumba ulikuwa umeharibika tangu Disemba, na umeme haukurudi mpaka Machi, kisiwa kizima cha Unguja giza. Mwaka 2008 ilishatokea hivyohivyo karibu mwezi mzima lakini ile niliiskia redioni tu nikiwa kwetu Wete, Pemba. Kichekesho ni kwamba sisi Wapemba tulokuwa tukiitwa watu wa shamba kila siku, wakati ule umeme tulikuwa nao, wa majenereta ya Wesha, unakatika ndiyo lakini unarudi, kwa vile waya wetu wenyewe wa kutoka Tanga ulikuwa haujaja, ulikuja baadae mwaka huohuo. Basi natoka shamba kwenye taa nakwenda mjini kwenye giza.

Nilikuwa nakwenda kuanza chuo na pesa ya ada nimepewa mkononi, noti. M-Pesa ilishaanza nchini toka 2008 lakini mwambie mama yangu atie pesa yake kwenye simu kisha asiione tena, hataki hata kuyaskia hayo. Akazigawa mafungu mawili. Lile kubwa alichukua kipande cha kanga kuukuu, akazilaza noti moja moja mpaka zikawa bapa, akashona kwa mkono pande zote nne, akatia utepe, nikajifunga kiunoni, juu yake gauni, juu ya gauni buibui. Lile dogo la nauli na kula akalitia kwenye pochi, pochi akaitia kwenye mkoba, akanambia "na hii ndo ya kuibiwa." Alisema hivyo bila ya kucheka. Nimeshapewa nasaha nyingi za safari tangu siku ile na watu waliosoma, na walotembea nchi za watu, sijapata ilo bora kuliko hiyo, maana mtu akikubana njiani unakuwa na kitu cha kumpa na wewe unakwenda zako.

Nasaha yake ya pili ilikuwa nisizungumze na mtu yoyote mpaka nifike kwa shangazi. Hiyo ilinishinda, na mtaona kwanini.

Meli ilichelewa kuondoka Mkoani, bandari ya kwetu Pemba, ikachelewa na njiani, tumebanana na mikungu ya ndizi na kuku na watoto wanatapika. Mama alikuwa anauogopa mji, bahari hata haitaji, na hiyo ilikuwa kabla ya Septemba 2011 haijazama meli ya Spice Islander kule Nungwi ikija Pemba. Sasa hivi nikikumbuka tulivyokuwa tumejazana siku ile nasema alhamdulillahi tu. Tunafika Malindi, bandari ya Unguja mjini, magharibi ishaadhiniwa zamani.

Kaka, mtoto wa shangazi, alikuwa aje kunipokea. Nampigia, haipatikani. Napiga tena, haipatikani. Nilikuja kujua baadae kwamba mjini wakati ule watu walikuwa wanazipeleka simu madukani kwenye jenereta kuchajiwa kwa pesa, unaiacha unakuja kuifata, kwa hiyo nusu ya mji ukiipigia haipatikani. Lakini pale getini mie nilichojua ni kwamba sina mtu.

Na pale getini ndo kama mnavyopajua, wachukuzi, papasi wanaowaganda wageni, madereva wa teksi, kila mtu na tochi yake anakumulika usoni. Akanijia kijana mmoja, kavaa jezi na kofia, mpole tu wa maneno. "Dada'ngu unakwenda wapi, lete mkoba." Nikamwambia nasubiri kaka yangu, yuko hapo nje. Akasema haya, akaenda kuegemea ukuta lakini hakuondoka. Watu wakaanza kupungua, teksi zikaondoka na wazungu, na mie naona kadri nnavyokaa ndo nnavyobaki peke yangu na yeye. Mkononi nina karatasi imeandikwa Mkunazini, nyuma ya kanisa kubwa, mlango wa kijani, uliza nyumba ya fulani. Akaja tena. "Mkunazini? Nakupitisha Kiponda hapa mara moja tushafika, njia kubwa unazunguka bure."

Na kweli njia ya Kiponda ndo fupi, hakudanganya. Lakini mie nilikwenda nikakitizama kile kichochoro. Nyumba za Mji Mkongwe zimeinama juu yako, hata mchana jua linaingia kwa shida, na usiku ule hakuna taa ya barabarani wala ya dirishani, mdomo wa njia mweusi tii, ndani unaskia jenereta linanguruma sehemu hujui ni wapi na hilo kelele lake ndo baya zaidi kwa sababu hata ukipiga ukelele nani atakuskia. Nikamwambia ahsante, najua njia. Sikuijua. Nikashika barabara kubwa ya kwenda Darajani kwa sababu moja tu, magari yanapita. Nikawa natembea hivi, gari ikija taa zake zinanionesha mbele pako vipi, pana shimo, pana mtaro, nazishika kichwani, gari ikipita nakwenda kwa kukumbuka mpaka ije nyengine.

Katikati ya gari na gari ndo nikaziskia ndara. Pa, pa, pa, nyuma yangu. Nikisimama zinasimama. Nikahamisha mkoba nikautia mkono wa upande wa ukutani, nikaongeza mwendo, na zenyewe zikaongeza. Halafu mtu akapiga mluzi ng'ambo ya barabara na huyu wa nyuma akajibu. Hapo ndo moyo ulipokwenda mbio, nikaanza Ayatul Kursiy na kila nikifika katikati nasahau narudi mwanzo.

Darajani soko lishafungwa lakini pembezoni watu wapo, mmoja na karabai anauza mkate wa ufuta, wengine na koroboi zao mbele ya mafungu ya machungwa, watu wanapita wanagongana. Ungedhani hapo nimeshasalimika, lakini kwenye watu wengi wanaopita gizani mkono wa mtu unaingia kwenye mkoba hujui hata ni wa nani. Nilichokuwa nakitafuta mie ni watu walokaa. Na hapa ndo naposema ile nasaha ya usizungumze na mtu haina kazi, zungumza, ila mtu wa kuzungumza naye mchague wewe. Anayekuja kwako wewe mwenyewe kujitolea, jiulize. Aliyekaa kitako kwenye baraza yake, kavua viatu, kaegemeza mgongo ukutani, huyo ana kwao hapo, ana jina hapo, akikufanyia ubaya leo kesho ataamka kwenye mtaa uleule.

Nikaona baraza upande wa pili, kandili moja, wazee kama wanne watano, redio ya betri na dele la kahawa. Nikavuka.

"Asalaam alaykum. Shikamooni."

"Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu, karibu."

Nikasema natafuta nyumba ya fulani Mkunazini. Sijamaliza sentensi mmoja akauliza, "Mtu wa Pemba wewe?" Naam. "Pemba wapi?" Wete. "Wete wapi?" Limbani. "Mwana wa nani?" Nikataja jina la baba, halijajulikana, nikataja la babu, hapo baraza ikaamka. Mmoja anasema huyo si yule alokuwa akichukua samaki pale bandarini, mwenziwe anasema siye, yule ni nduguye, huyu ndo yule alokuwa na shamba la mikarafuu, hapana bwana, wanabishana na mie nimesimama miguu inatetemeka. Yule alokaa mwisho hakuwa akibishana. Alikuwa anatizama nyuma yangu.

"Na huyu nduguyo?"

"Simjui."

Wakanyamaza wote. Mmoja akainyanyua kandili juu, na yule kijana alikuwa kasimama karibu kuliko nilivyodhani, hatua chache tu. "Namsaidia mizigo mzee." "Mzigo anao mwenyewe," mzee akamjibu, na hakusema jengine. Kijana akasema sawa wazee wangu, akageuka akaondoka, ndara zake zilezile.

Yule mzee hakunipeleka yeye. Aligonga mlango wa nyuma yake akaita "mama watoto, njoo na mtandio," akatoka bi mkubwa mmoja mnene kidogo, akaelezwa kwa maneno mawili, akachukua kandili ya baraza akawaacha wazee gizani wanalalamika, akanishika mkono. Tukaingia vichochoroni na mie huku nilishaapa siingii. Anatembea ananiambia hapa pana ngazi, hapa pita kulia pana maji, na kila mlango tunaopita anatoa salamu kwa sauti, "Humo hamjamboo?" na ndani wanajibu "hatujambo, bi fulani, wapi saa hizi?" naye anajibu nampeleka mgeni. Mlango hadi mlango. Mwanzo nilidhani ni adabu tu. Tulipokuwa tunakaribia kanisani nikafahamu kwamba njia nzima sasa inajua tuko wapi, tunakwenda wapi, na ni nani aliyepita.

Shangazi alifungua akalia, akacheka, akaniuliza nimekula, yote kwa pamoja. Kaka alirejea baadae anahema, kumbe alikwenda bandarini kwa njia ya Kiponda wakati mie niko njia kubwa, tumepishana. Shangazi alimsema mpaka nikamuonea huruma, "simu iko wapi?" "inachajiwa mama." Nikaoga kwa maji ya ndoo moja maana umeme ukikosekana pampu hazifanyi kazi na maji nayo yanatafutwa. Nikalifungua fungu la kiunoni, utepe umenikata alama lakini noti zote zipo, na pochi ya kuibiwa ipo vilevile, haikupata kazi.

Asubuhi shangazi akanipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mgeni anayekuja kukaa lazima ajulikane. Watu wana maneno yao juu ya masheha, na mie nnayo, ila siku ile nilifurahi jina langu kuandikwa mahali.

Umeme ulikuwa usharudi nilipomuona tena yule kijana, mchana, nimekwenda Malindi kumpokea mdogo wangu. Yeye ndo alonikumbuka. "Wee Mpemba! Ulifika?"

"Nilifika."

"Wazee wako wale bwana. Mie nilikuwa nataka elfu yangu tu ya mkoba."

Nikamuuliza, na yule uliyejibizana naye miluzi? Akacheka. "Aa, yule mwengine huyo," akasema, na mkono ushafika kwenye mkoba wa mdogo wangu. Nikamwambia wacha, tunabeba wenyewe. Akasema haya dada'ngu, akaenda zake kwa wazungu, na mdogo wangu akabaki kuniuliza yule mtu nimejuana naye wapi.