Nilivyompeleka Mama Mafia kwa kuhesabu mwezi

Mara ya kwanza nilishindwa. Ilikuwa Julai. Nilitoka Mbeya kwa basi, nikalala Dar es Salaam, kesho yake nikafika Nyamisati, mkoani Pwani, wanakopandia vyombo vya kwenda kisiwa cha Mafia. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, lilikuwa limeshika, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari ya mawimbi makubwa, na chombo nilichokikusudia hakikutoka. Nikalala usiku wa kwanza, nikalala wa pili, ruhusa ya kazini ikaisha. Nikarudi kilomita zaidi ya 800 bila kumwona mdogo wangu, mwalimu wa Kilindoni, mji wa huko Mafia, ambaye wakati ule alikuwa mjamzito. Iliniuma sana.

Alipojifungua, Mama akasema lazima amwone mjukuu. Mama ana miaka 71, ana presha, na maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Ziwa Nyasa pale Matema. Safari hii sikutaka kubahatisha. Nikampigia shemeji, mzaliwa wa Mafia, kumtajia tarehe za likizo yangu ya Desemba. Akanisikiliza, kisha akasema, "Dada, usianze na tarehe. Anza na mwezi."

Akanieleza taratibu. Nyamisati iko kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, na vyombo vinangoja maji yajae. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua, siku za maji makubwa kuliko nyingine: maji yanajaa alfajiri mnamo saa kumi, na tena saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa na siku tano hivi, yanajaa saa moja au saa mbili asubuhi, na mtu mzima anavuka mchana kweupe. Na Desemba ni kaskazi, upepo wa kaskazini. Bahari haina ghadhabu ya Julai.

Nikachukua kalenda yenye miezi ya Kiislamu, nikaweka alama siku ya kuvuka, kisha nikapanga safari kinyumenyume. Usiku wa kabla ya kuvuka, tulale Nyamisati. Kabla ya hapo Mbagala, ili foleni za jiji tuwe tumezimaliza. Kabla ya hapo Iringa, kwa sababu Mbeya hadi Dar kwa siku moja miguu ya Mama ingevimba. Katikati nikaacha siku moja tupu. Kaka, ambaye angetuendesha kwa gari, aliiona ya hasara, lakini mimi nilishajua maumivu ya kufika nikakuta mambo yameharibika huku siku zimeniishia.

Siku ile tupu ndiyo iliyotuokoa. Kwenye mlima Kitonga lori lilikwama kwenye kona, tukakaa mlimani zaidi ya saa tano. Mikumi tukaingia giza likianza, kilomita 50 za hifadhi kwa mwendo wa taratibu, Kaka akiwa kwenye usukani na mimi nikiangalia pembeni kama kuna mnyama anavuka. Tukalala Morogoro badala ya Mbagala, na hakuna aliyepaniki. Kila jioni nilimpigia shemeji naye akaulizia gatini kama ratiba ni ileile.

Baada ya Mbagala ni Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, hadi Bungu, ndipo tulipoiacha lami. Tulipopita sisi, njia ya Nyamisati ilikuwa ya udongo na mvua ilikuwa imenyesha. Ukienda msimu wa mvua, usiipangie muda wa saa moja tu. Tulifika saa saba mchana, maji yametoka. Mashua zimelala ubavu kwenye tope, watoto wanachokora mashimo ya kaa kwenye mizizi ya mikoko. Mama akaniangalia. "Mwanangu, tutasafiri juu ya tope hili?" Nikamwekea kiti. Akakaa pale hadi magharibi, akiangalia maji yakirudi kidogokidogo, mashua moja baada ya nyingine zikisimama. Hakuuliza tena.

Gari tulimwachia mwenye gesti. Chakula cha asubuhi nilimpa Mama chepesi, dawa ya presha kama kawaida, na tembe ya kichefuchefu ambayo daktari wake aliniruhusu kabla hatujatoka Mbeya. Tukatafuta viti vya katikati kuelekea nyuma, ambako chombo hakiyumbi sana. Shida ilikuwa kiroba cha mchele wa Kyela alichombebea mzazi. Mpakiaji alikiweka chini ya matenga ya mizigo, Mama akainuka, akamwambia kwa heshima, "Baba, huo ni wa uji wa mtoto." Yule kijana akakitoa, akakileta mwenyewe hadi miguuni pake.

Tulipotoka kwenye mikoko na nchi kavu ikaanza kupotea, alinishika mkono na hakuuachia hadi tulipoiona Kilindoni.

Mdogo wangu alikuwa gatini, mtoto kifuani. Nitakayoyakumbuka pale ni yangu. Ila usiku, baada ya kula, nilimsikia Mama barazani akimuuliza shemeji siku ya kurudi kwetu mwezi utakuwa na siku ngapi.