Daftari la Gikomba

Faili lilikuja na jibu tayari. Mtu wa zahanati fulani alikuwa ameandika SKIZOFRENIA kwa herufi kubwa, ugonjwa wa akili unaoleta sauti na imani zisizo za kweli, chini yake dozi ya haloperidoli, dawa ya kuzituliza, basi. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa utabibu, kwenye mafunzo katika kliniki ya magonjwa ya akili hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kuandika.

Kijana mwenyewe aliuza viatu vya mtumba katika soko la Gikomba. Alisikia sauti mbili zikimsengenya, na aliamini kanjo, askari wa jiji, wametega kifaa cha kumsikiliza kibandani mwake. Dalili za aina hiyo ndizo tulizokariri darasani. Lakini daktari, mama wa makamo asiyependa haraka, hakuhangaika sana na sauti zinasema nini. Alitaka kujua lini.

“Mama, kabla ya hizo sauti alikuwaje?”

“Alikuwa sawa tu, daktari.”

“Sawa gani, dada?” mjomba akadakia. “Si alikuwa halali usiku?”

Mama akatoa daftari la duka mkobani. Daktari akalifungua taratibu, nami nikachungulia. Februari, mwandiko mdogo, mauzo huku, madeni kule. Machi, herufi zimevimba, mistari inapanda mpaka ukingoni, na mtu anayechukua robota moja kwa kawaida amechukua sita kwa mkopo. Viatu vingine vimeandikwa “zawadi”. Mei, mwandiko umetulia tena na hesabu inakubali mpaka shilingi ya mwisho.

“Hiyo Mei, alipotulia, sauti alikuwa anazisikia?”

Hapo ndugu wakatofautiana. Mama alisema alikuwa akinong'ona kibandani kama anayemjibu mtu. Mjomba akasema alikuwa anaimba.

Utambuzi wote ulining'inia hapo. Kama sauti huja tu wakati hisia zimepanda au zimeshuka, hiyo ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, yenye saikosisi, yaani kusikia au kuamini yasiyokuwapo. Zikibaki wiki 2 au zaidi hali hisia zimetulia, unafikiria skizoafektivu, mchanganyiko wa skizofrenia na ugonjwa wa hisia. Skizofrenia nayo ina saa yake: mwongozo wa Marekani unataka dalili zionekane kwa miezi 6, ule wa Shirika la Afya Duniani mwezi 1. Tena kulikuwa na muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha kama miraa. Mjomba alikiri, kwa shingo upande, kwamba kijana alikuwa anatafuna karibu kila siku, na muguka peke yake unaweza kuleta sauti. Daktari akaagiza damu pia: kaswende, virusi vya Ukimwi, malaria, tezi ya shingoni.

Kisha akalikata lile neno kwa mstari mmoja na kuandika: saikosisi, aina bado.

Mama hakufurahi. “Sasa wakiniuliza kanisani nitasema ana nini?”

“Sema anatibiwa.”

Nilimwonea huruma. Jina, hata baya, lingempa kitu cha kushika.

Kijana akalazwa, mbali na muguka. Hisia zikatulia, usingizi ukarudi, sauti zikabaki wiki baada ya wiki. Mpaka Agosti faili lilisema skizoafektivu, na lithiamu, dawa ya kusawazisha hisia, ikaongezwa juu ya haloperidoli, pamoja na gharama ya kupima damu mara kwa mara: kiwango cha dawa, figo, tezi. Mama alilipa bila kulalamika. Mjomba alilipia nauli, lakini hakubadili ushahidi wake: Mei ile kijana alikuwa anaimba.