Kumbukumbu ya vimulimuli: umande umeshindwa, J imepatikana

Imepatikana! Picha ya J nzima, ule mstari wa mwanga anaouchora kimulimuli dume akiruka, ya manjano, safi bila ukungu pembeni, na chini yake kwenye nyasi nukta moja ya jike akijibu. Lenzi ya milimita 35, tundu la lenzi f/2, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800, sekunde 6, ukingoni mwa shamba la mahindi nje kidogo ya Iowa City, Marekani. Nimekaa na hiyo picha kwenye skrini tangu jana na bado sijachoka kuiangalia.

Ninayemfuatilia ni kimulimuli aitwaye Photinus pyralis, yule anayeruka chini chini giza linapoingia. Dume huwaka huku akishuka kidogo kisha akipanda, ndipo mwanga wake unapochora J. Anarudia kila baada ya sekunde kama 6, na usiku wa baridi anachelewa zaidi. Jike amekaa kwenye jani, anangoja kama sekunde 2, anajibu mara moja. Nilitaka hayo mawili ndani ya fremu moja: swali na jibu lake. Picha za kubebanisha fremu mamia hadi uwanja wote ujae nukta ni nzuri kutazama, lakini huwezi tena kujua nani alimwambia nani. Ndiyo maana nimeng'ang'ania sekunde 6.

Kuna jambo ambalo wengi wanaoanza hawaelezwi: kimulimuli anapita, kwa hiyo ung'avu wake kwenye picha unatokana na tundu la lenzi na ISO tu. Ukirefusha muda unaongeza mwanga wa anga. Na hapa mwanzoni mwa Julai jua linazama saa tatu kasorobo usiku, halafu anga linakataa kuwa jeusi. Mimi niliyekulia Morogoro, ambako magharibi ikishaingia giza halichelewi, jioni hizi ndefu bado zinanishangaza. Dume wangu wanafanya kazi kati ya saa tatu na saa tatu na nusu, basi. Kamera naielekeza mashariki, chini ya mforosadi, pale kivuli kinapotangulia.

Sasa maji. Kilichonitesa msimu mzima ni maji.

Siusemi ule ukungu wa kutoka kwenye kiyoyozi. Huo ukiiacha kamera nje nusu saa unaondoka. Huu ni umande, unakuja baadaye. Upepo ukitulia na anga likiwa wazi, kioo cha mbele kinapoteza joto mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na hewa yenyewe imebeba maji hadi shingoni. Sehemu ya maji hayo inatoka kwa jirani yangu mahindi. Ekari moja yakiwa yamestawi hutoa hewani lita 11,000 hadi 15,000 kwa siku, na Iowa ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa mahindi. Wazee wa huku husema mahindi yafike magotini ifikapo tarehe 4 Julai. Ya nyuma ya nyumba yangu siku hiyo yalikuwa yameshanipita kichwa, na ukisimama karibu nayo jioni shati linaganda mgongoni. Basi lenzi inaanza kulia ndani ya ileile nusu saa yangu.

Nilijaribu kofia ya lenzi. Inachelewesha dakika chache. Nilijaribu kufuta kwa kitambaa, lakini kila ukigusa, tripodi inasogea, na tabaka jembamba linarudi kabla hujakunja kitambaa. Feni ndogo ya USB ilikausha kioo vizuri sana ikatikisa kila kitu, J zikatoka na meno. Vifuko vya kupasha mikono joto, vile wanavyobeba wawindaji wa kulungu wakati wa baridi, hutavipata dukani Julai. Rafu zimejaa mkaa wa kuchomea nyama na dawa ya mbu. Nilipovipata mwishoni, mpira wa kuvifungia ulikuwa unasukuma taratibu pete ya fokasi, ile ya kurekebisha ukali wa picha. Fremu ya kwanza kali, ya kumi laini, ya ishirini ni mabaka. Hilo lilinikera kuliko yote, kwa sababu gizani huoni. Unagundua ukiwa ndani umeshavua viatu.

Dawa ni ukanda wa joto wa USB, ule wanaotumia watazama nyota kwenye darubini. Unaufunga mbele kabisa, mbele ya pete ya fokasi, na pete yenyewe unaibandika utepe wa karatasi wenye gundi isisogee. Kiwango cha chini kabisa kinatosha, na pawabenki ndogo inaumudu usiku mzima. Ungekuwa wa bei mara mbili ningeununua tena.

Mengine kwa haraka. Zima ule mpangilio wa kusafisha chenga kwenye picha za muda mrefu, la sivyo baada ya kila picha kamera inapiga fremu ya giza ya muda uleule na jike wako anajibu wakati huohuo. Tochi nyekundu, kamwe nyeupe. Na simu, hata hizi mpya, hali yake ya usiku inaweza kumchukulia kimulimuli kuwa uchafu na kumfuta.

Mpango ulikuwa J ikipatikana nihamie kwenye sauti za nyenze, Agosti wanapopiga kelele mchana kutwa kwenye miti ya barabarani. Mpango umekufa, na aliyeuua ni mama mmoja wa Uvira, Kongo, tunayepakana naye uwanja. Alinikuta nimechutama.

“Mtoto wangu, unatafuta nini mu giza?”

“Shikamoo, mama. Vimulimuli.” Nikamweleza habari ya swali na jibu.

Akatazama muda mrefu. “Kama wanasemezana na taa, wewe nawe uwasemeze na taa.”

Nikachukua tochi ndogo ya kalamu, nikaifunika plastiki ya manjano, nikaishusha usawa wa nyasi. Dume akiwaka, nahesabu mbili, nabonyeza kidogo, naachia. Wa kwanza alipita. Wa pili akageuka, akawaka tena karibu zaidi, nikamjibu, akaja mpaka akatua kwenye kidole gumba changu huku mama akipiga makofi. Nimefuga kuku, nimefuga samaki, hakuna kilichowahi kunijibu namna hiyo.

Inaeleweka pia jinsi jike wa Photuris anavyofanya hila hiyohiyo. Yeye ni jamii nyingine, mwanga wake una ukijani, anaigiza jibu la jike wa Photinus, na dume akitua analiwa. Mtafiti wa vimulimuli James Lloyd aliieleza mwaka 1965. Mlo huo unampa sumu inayomkinga na buibui. Nikirudia picha za wiki hii naona nukta mbili za kijani pembeni ya mforosadi, chini, sekunde 2 baada ya J. Nimezikuza mpaka zimekuwa miraba.

Kwa hiyo kipaza sauti cha nyenze kinabaki kwenye boksi. Leo usiku naweka lenzi ya milimita 85 kwenye zile nukta za kijani, ukanda wa joto uleule. Ikinyesha, kesho.