Nguzo za Kuazima: Córdoba Pamoja na Mama

Nguzo za msikiti mkuu wa Córdoba, kusini mwa Hispania, ni fupi. Picha zote nilizowahi kuziona za jengo hilo zilionyesha matao mekundu na meupe yakifuatana mpaka gizani, nami nikajenga akilini ukumbi wa nguzo ndefu. Nilipofika na kusimama kando ya nguzo mojawapo, nikatambua kwamba peke yake isingeweza kubeba paa la ukumbi wowote wa maana. Wajenzi wa mtawala Abd al-Rahman wa Kwanza, walioanza kazi takriban mwaka 785, hawakuzichonga nyingi kati ya nguzo hizo. Walizitwaa kutoka majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla ya Waislamu, na ndiyo maana moja ni ya marumaru ya kijivu, jirani yake ina wekundu, ya tatu ni nyembamba kuliko zote, na vichwa vyake vilivyochongwa majani havifanani. Tatizo la kimo walilitatua kwa namna ambayo hadi leo huwashughulisha wasanifu majengo: juu ya kila nguzo walisimamisha kiguzo cha mawe cha mraba, kisha wakafunga safu kwa matao mawili, moja juu ya jingine, la chini likizuia nguzo zisiyumbe na la juu likibeba paa. Wekundu ni wa matofali na weupe ni wa mawe, ujenzi ambao Warumi walikwisha kuutumia katika daraja kubwa la kupitishia maji huko Mérida.

Nilikuwa na Mama, aliyekuja kunitembelea Madrid kutoka Unguja, na safari hii ilikuwa ombi lake. Tuliingia saa mbili na nusu asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajaanza kufuata bendera za viongozi wao, na kwa muda mrefu Mama hakusema neno. Alitembea polepole katikati ya safu, akigusa nguzo hii na ile kwa ncha za vidole. Mimi, ambaye huwa siwezi kunyamaza penye historia, nilianza kumsimulia habari za Abd al-Rahman mwenyewe: kijana wa Bani Umayya, ukoo uliotawala Waislamu kutoka Damascus, aliyenusurika pale Bani Abbas walipowaangusha jamaa zake mwaka 750, akakimbia kupitia Afrika Kaskazini, akavuka bahari mwaka 755 na kujitwalia utawala wa Córdoba mwaka uliofuata. Mtu wa namna hiyo, nilimwambia Mama, hujenga kwa alichokikuta. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba warithi wake, waliokuwa na mali ya kutosha kuanza upya, hawakuuacha mpangilio wake. Al-Hakam wa Pili, alipoupanua msikiti kuanzia miaka ya 960, aliagiza nguzo mpya zichongwe, lakini akazisimamisha chini ya matao mawili yale yale. Kisha akaja waziri mwenye nguvu, al-Mansur, akaongeza sehemu kubwa upande wa mashariki mwaka 987. Huko matao yote ni ya jiwe na wekundu wake ni rangi ya kupaka tu. Ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuitazama sehemu hiyo kwa heshima ile ile, ingawa nakiri kwamba bila kuambiwa nisingeona tofauti.

Mihrabu ya al-Hakam ni jambo jingine kabisa. Imezungushiwa uzio wa chuma, na mgeni husimama nje yake akitazama tao lenye umbo la kwato ya farasi lililofunikwa kwa vipande vidogo vya kioo vya dhahabu, buluu na kijani, pamoja na maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, yanayolizunguka. Habari za kale zinasimulia kwamba Khalifa huyo alimwomba mfalme wa Konstantinopoli ampelekee fundi wa kazi hiyo, naye akampeleka pamoja na shehena ya vipande vyenyewe. Hakuna aliyeona tabu kwamba msikiti upambwe na fundi Mkristo kwa vifaa vya Wakristo. Juu yake kuba imeshikwa na mbavu za mawe zinazokatana kama ukili uliosukwa, na shingo yangu iliuma kwa kuitazama.

Waislamu hawaruhusiwi kusali humo, na walinzi hulichunga sana jambo hilo. Mama alikuwa anajua tangu nyumbani. Alisimama mbele ya uzio, mikono imeshuka pembeni, midomo ikitikisika kidogo sana, kisha akatoa simu mkobani na kufungua programu ya kuonyesha kibla. Sindano ikageuka kushoto, mbali kabisa na mihrabu.

"Mwanangu, hawa walikuwa wakisali wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba amewafumania.

Msikiti wa Córdoba kwa kweli unaelekea kusini zaidi kuliko Makka, ambayo kwa mtu aliye huko iko karibu na mashariki. Wapo wataalamu wanaosema kwamba wajenzi walifuata mwelekeo wa mitaa ya mji wa Kirumi iliyokuwepo, na wengine wanasema kwamba Bani Umayya walishika desturi ya Damascus, walikotoka, ambako kibla kiko kusini. Nilimweleza Mama zote mbili. Aliikubali ya pili, kwa hoja kwamba mtu aliyefukuzwa kwao huchukua hata kibla cha kwao.

Mji huu haukuwa na tabia ya kutupa kitu. Mwaka 997 al-Mansur alishambulia Santiago de Compostela, upande wa kaskazini-magharibi, akazichukua kengele za kanisa lake. Husimuliwa kwamba mateka Wakristo ndio waliozibeba mpaka Córdoba, zikatundikwa msikitini zikawa taa. Mfalme Fernando wa Tatu alipouteka mji mwezi Juni 1236, aliagiza zirudishwe Santiago, safari hii zikibebwa na mateka Waislamu. Msikiti wenyewe hakuuvunja. Uliwekwa wakfu kuwa kanisa, na kwa karibu miaka mia tatu Wakristo walisali chini ya matao yale yale, wakiongeza madhabahu na makaburi pembezoni.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1523, askofu alipotaka kanisa kuu la kweli katikati ya jengo. Baraza la mji lilipinga kwa ukali hata likatishia kumuua fundi yeyote atakayegusa nguzo, lakini Kaizari Carlos wa Tano akaamua kwa upande wa kanisa, na kazi ikaendelea mpaka mwaka 1607. Kaizari anahusishwa na kauli kwamba wameharibu kitu kisicho na mfano duniani ili kujenga kitu kinachopatikana popote. Kama kweli aliitamka, basi alikuwa akiilaumu sahihi yake mwenyewe. Kutoka kwenye giza la nguzo unatokea ghafla mahali palipo wazi, peupe, penye dari ya juu sana, viti vya kwaya vya mbao ya mkangazi vilivyochongwa kwa ustadi na dhahabu kila upande. Kila kipande ni kizuri. Mimi sikukipenda, na sitaki kujifanya kwamba sababu yangu ni ya usanifu peke yake.

Mchana tulitafuta chakula. Kwa mtu anayechunga ulaji, Andalusia inahitaji uangalifu, kwa sababu nyama ya nguruwe hunyunyizwa hata kwenye mboga, na chakula kinachojulikana sana mjini, flamenquín, ni nyama hiyo iliyoviringishwa, ikapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Nilimwomba mhudumu atuletee salmorejo bila nyama, naye akakubali bila kuuliza, kama mtu aliyezoea. Ni nyanya mbichi, mkate uliolala, kitunguu saumu, chumvi na mafuta ya zeituni kwa wingi, vyote vikisagwa mpaka vinakuwa laini na vizito, vikaliwa baridi na yai la kuchemsha lililokatwakatwa juu yake. Rangi yake si nyekundu hasa, inaelekea kwenye chungwa kwa ajili ya mafuta. Mama alionja kijiko kimoja akakitazama kibakuli.

"Huu ni uji wa nyanya," alisema. Kisha akaumaliza, akachovya mkate kusafisha kibakuli, na kuniuliza kama mafuta yale yanapatikana Madrid.

Chakula hiki kilikuwepo kabla ya nyanya, kwa sababu mkate mkavu, kitunguu saumu na mafuta vilikuwa riziki ya wafanyakazi wa mashambani tangu zamani, na nyanya haikujulikana Ulaya mpaka baada ya safari za Columbus. Naye Columbus alikutana na Malkia Isabel na Mfalme Fernando mwaka 1486, katika ngome ya Alcázar iliyo umbali wa dakika chache kutoka meza tuliyokalia. Tuliagiza pia bilingani za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa. Bilingani na muwa vyote vilifikishwa Hispania na Waarabu, na sahani hiyo ingeweza kuliwa na Khalifa bila kubadilishwa chochote. Mama aliiona tamu kupita kiasi. Mimi niliagiza ya pili.

Mtaa wa zamani wa Wayahudi uko nyuma tu ya msikiti, vichochoro vyembamba vilivyopakwa chokaa, na maduka mengi mno ya feni za mkono na sumaku za friji. Humo kuna sinagogi dogo la mwaka 1315, chumba kimoja kilichorembwa kwa lipu iliyochongwa kwa mtindo ule ule wa Kiislamu, na sanamu ya Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa mjini hapa na kuondoka akiwa kijana na familia yake baada ya Wamuwahidi, watawala wa Kiislamu kutoka Afrika Kaskazini, kuuteka mji mwaka 1148. Wapita njia hukigusa kiatu chake mpaka kimeng'aa. Ibn Rushd, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1126, ana sanamu yake nje kidogo, chini ya ukuta wa mji, ambako hakukuwa na mtu. Kadhi na mwanafalsafa huyo alipelekwa uhamishoni uzeeni, akarudishiwa heshima yake, akafia Marrakesh mwaka 1198. Mwili wake ulipohamishiwa Córdoba, mwanasufi Ibn Arabi alishuhudia kwamba jeneza lilifungwa upande mmoja wa mnyama wa mizigo, na upande wa pili vitabu alivyoviandika, ili mzigo ulingane. Nilimsimulia Mama tukiwa tumekaa chini ya sanamu, akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama yule mnyama alikuwa punda au nyumbu. Nikamjibu kwamba shahidi alikuwa akiutazama mzigo.

Kitu kilichomfurahisha kuliko vyote kilikuwa nyua. Nyumba za Córdoba zimeugeuzia mtaa mgongo. Uzuri uko ndani, katika ua ulio wazi kwa juu, wenye kisima au chemchemi ndogo na kuta zilizofunikwa kwa vyungu vya maua kutoka chini mpaka karibu na paa. Mpango huo ni wa Warumi, Waislamu wakauendeleza, na kila mwezi wa Mei wenye nyumba hufungua milango na kushindana, desturi ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa binadamu mwaka 2012. Sisi hatukufika Mei, lakini baadhi ya nyua hupokea wageni muda wote. Katika mojawapo tulimkuta mama mmoja wa makamo akimwagilia vyungu vya juu kabisa. Alikuwa na fimbo ndefu ya tete iliyofungwa kopo la bati kwenye ncha yake. Aliijaza kisimani, akaiinua taratibu mpaka kwenye chungu, akaizungusha kiganjani mara moja, na maji yakaingia yote bila tone kudondoka ukutani. Mama, aliyekulia Mji Mkongwe katika nyumba yenye ua wa ndani, alimwomba kwa ishara amjaribishe. Maji yaliingia mengi zaidi kwenye mkono wa baibui kuliko kwenye chungu, na wanawake hao wawili, wasio na hata neno moja la lugha ya pamoja, walicheka mpaka nikaona haya kuwakatiza kwa tafsiri yangu.

Siku iliyofuata tulipanda basi kwenda Medina Azahara, mji wa kifalme ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Tatu mwaka 936 chini ya milima, magharibi ya Córdoba, na kuharibiwa mwaka 1010 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jua lilikuwa kali na kilichobaki si kingi, kwa kuwa kwa karne nyingi watu walikuja kuchukua mawe yake, pamoja na watawa waliojenga makao yao mlimani karibu na hapo. Katika karakana za Khalifa zilichongwa kasha za pembe za ndovu ambazo sasa zimetawanyika katika makumbusho za Ulaya; ile ya al-Mughira, ya mwaka 968, iko Louvre. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba sehemu ya pembe zilizofika nchi za Mediterania karne hiyo zilitoka pwani yetu. Mama alisema hilo halihitaji kuaminiwa, kwani zingetoka wapi tena?

Jioni, tukisubiri treni, tulibishana kuhusu lile kanisa la katikati. Mama anashikilia kwamba ndilo lililouokoa msikiti: bila kanisa, nguzo zile zingekwenda njia ya mawe ya Medina Azahara, na askofu, apende asipende, alikuwa mlinzi wa mihrabu. Nikamkumbusha kwamba jengo lilikuwa tayari limesimama chini ya Wakristo kwa karibu karne tatu bila kubomolewa katikati, na kwamba baraza la mji lililotishia kuua mafundi lilikuwa la Wakristo hao hao. Akajibu kwamba baraza hilo lilishindwa, na kwamba mimi ninahesabu nguzo zilizong'olewa ilhali yeye anahesabu zilizobaki, ambazo ni zaidi ya 850. Treni ilifika tukiwa katikati ya mabishano, tukayaendeleza mpaka Madrid, na kila anaponipigia simu kutoka Unguja hakosi hoja mpya.