Masizi ya Kibatari

Kisanduku cha vipande vya kujiundia bastola ya kizamani kilipofika, vyuma vyote vilikuwa vimekwisha kutengenezwa. Mtutu wa pembe nane, urefu inchi 10, na karibu na tako lake alama za kiwanda cha majaribio cha Italia kuthibitisha kwamba umepigwa baruti nyingi kuliko kawaida na haukupasuka. Mtambo wa gumegume, yaani wa kuwasha baruti kwa jiwe gumu linalopiga chuma, ukiwa umefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Kifyatulio, pete ya shaba ya kukilinda, mdeki wa kushindilia, na skrubu katika mfuko wa plastiki. Pamoja navyo kulikuwa na kipande cha mti wa jozi kilichokatwa kwa msumeno hata ukikitazama kwa mbali ukakiona bastola, ila ukikishika mkononi ni gogo. Kazi yangu katika majira yale ya baridi ilikuwa kuviingiza vyuma vile ndani ya gogo lile kwa patasi, tupa na msasa.

Nilikuwa nakaa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wengi wanaujua mji ule kwa Waamishi, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani, na magari yao ya kukokotwa na farasi. Sisi tunaojua Kiswahili tunaujua kwa ndugu zetu Wakongomani waliopokewa pale kama wakimbizi. Ukipanda basi asubuhi hukosi kusikia Kiswahili cha Bukavu au cha Uvira. Lakini karne ya 18 Lancaster ulikuwa mji wa mafundi bunduki. Wahunzi na maseremala wenye asili ya Kijerumani waliichukua bunduki fupi nene ya kwao, wakairefusha mtutu, wakaipunguza unene wa risasi ili mwindaji asichome risasi na baruti bure porini, wakaipa kitako chembamba cha mti wenye mawimbi. Mmoja wao, Jacob Dickert, bunduki zake hadi leo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Nje kidogo ya mji kuna makumbusho ya Landis Valley, na nilipozikuta bunduki za aina hiyo pale, ndani ya vioo, nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Nilichokuwa naona ni gobore. Mimi ni mtu wa Urambo, mkoa wa Tabora. Nimekulia nyumba ambayo gobore la babu lilitundikwa juu ya mlango wa chumba chake, na baada ya babu likarithiwa na baba mdogo pamoja na kibali chake. Kwetu neno hilo likitajwa siku hizi watu wanawaza majangili na taarifa za polisi. Wachache wanakumbuka zilikotoka. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kupakia risasi kwa nyuma, miaka ya 1860 na 1870, zile za zamani za kushindilia kwa mdomo wa mtutu zilimwagwa Afrika Mashariki kupitia Unguja, zikapanda bara na misafara ya pembe za ndovu. Mtemi Mirambo na rugaruga, wapiganaji wake, walijenga dola kwa bunduki hizo. Kisha wakubwa wa Ulaya wakakutana Brussels, wakaweka mkataba wa 1890 uliozuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, huku wakiacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Ndiyo maana babu zetu walibaki nazo wakati dunia imeshazisahau. Hawakuzipenda kwa ujinga. Ndizo walizoachiwa, na mafundi wa vijijini wakajifunza kuzifanya ziishi.

Tanzania huwezi kujitengenezea bunduki nyumbani bila kibali. Ni jinai, na sioni ubaya wa sheria hiyo. Nimemwona kwa macho yangu mzee mmoja wa kijiji cha jirani ambaye mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili kwa sababu ya mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji. Bomba la maji ni bomba la maji. Marekani sheria ya silaha ya 1968 inaihesabu bunduki ya gumegume ya kushindilia kama kitu cha kale, tofauti na bunduki za kisasa, na mtu asiye na makosa anaweza kujiundia ya kwake. Hata hivyo niliuliza kwanza kwa wanaohusika jimboni, nikapewa jibu. Mtutu nikaamua ni wa kununua, uliojaribiwa.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee aliyestaafu useremala wa makabati. Kila baada ya Krismasi alikuwa akienda porini na bunduki yake ndefu, kwa kuwa Pennsylvania tangu 1974 ina msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume tu. Nilimwamkia kwenye theluji siku moja, nikamwambia babu yangu alikuwa na bunduki kama yake. Akaniuliza ya gumegume au ya fataki, ile inayowashwa kwa kikofia kidogo cha kulipuka. Swali hilo likatufanya marafiki.

Chumba cha chini ya nyumba yake kilikuwa na jiliwa lililofungwa kwenye meza ya mbao nzito, taa moja, na patasi zimepangwa kwa upana, nyembamba yake ikiwa kama kijiti cha kiberiti. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa mti. Alinipa mtambo na bisibisi, akaniambia niufungue wote, nimweleze kila kipande kinafanya nini, kisha niurudishe. Nikaanza. Hii ni kamani kubwa, inasukuma nyundo. Hii nyundo ina taya mbili zinazobana jiwe la gumegume. Hiki ni kisahani cha baruti laini, na hili bamba lililosimama juu yake ndilo linalopigwa. Jiwe likishuka linakwangua chuma, na zile cheche tunazoziona ni chembe za chuma kinachowaka, wala si za jiwe. Bamba linasukumwa mbele, kisahani kinafunuka, cheche zinaangukia baruti, moto unapita kwenye tundu dogo ubavuni mwa mtutu. Yote hayo ndani ya kufumba na kufumbua, na kipande kimoja kikisuguana na mti mahali kisipotakiwa, hakuna mlio.

Hapo ndipo penye kazi. Bamba la mtambo, lile linalobeba vipande vyote, linatakiwa likae kwenye mti kwa kubana, pasiwe na nafasi hata ya kupitisha karatasi, kwa sababu mwanya wowote unaingiza unyevu na masalia ya baruti. Lakini nyuma ya bamba hilo kamani, nyundo na vishikio vyake vinatakiwa viwe huru kabisa. Kwa hiyo unachimba mti kwa sheria mbili zinazopingana, ndani ya shimo lisilozidi kiganja, na ukichimba kupita kiasi pale shingo ya bastola inapokuwa nyembamba, mti utavunjika bastola ikipiga.

Unajuaje pa kuchimba? Kwa masizi. Unakipaka chuma rangi nyeusi, unakiingiza shimoni, unakigonga taratibu kwa nyundo ya mti, unakitoa. Pale kilipogusa pameachwa doa jeusi. Unakwangua doa lile tu, unarudia. Mzee alikuwa na rangi maalumu ya dukani kwa kazi hiyo, nyeusi nzito kama dawa ya viatu, ikaniudhi kwa kuenea kila mahali. Nikamwomba kopo tupu la nyanya na mafuta ya taa. Nilikata utambi kwenye fulana kuukuu, nikatoboa mfuniko kwa msumari, nikawasha kibatari palepale mezani. Moshi wake ukapanda mweusi na ule mnuso ambao mtu aliyesoma kwa kibatari hausahau. Nikaushika mtambo kwa koleo juu ya moto, nikauzungusha, ukavaa masizi membamba sawasawa pande zote.

Mzee aliuchukua, akaukagua chini ya taa, akauingiza kwenye mti, akautoa. Madoa yalikuwa madogo, yenye kingo safi, ungeweza kuyahesabu. Akasema mafundi wa zamani wa pale Lancaster nao walitumia moshi wa taa au mshumaa, na kwamba yeye mwenyewe alianza kununua rangi kwa uvivu. Kuanzia usiku ule kile kibatari kilipata mahali pake kwenye rafu, kati ya gundi na mafuta ya kitani.

Tulifanya kazi jioni, nikishatoka zamu. Nilikuwa nawasha, navisha masizi, naingiza, nagonga, natoa, nakwangua. Ubapa wa mti unaotoka kwenye patasi iliyonolewa vizuri ni mwembamba kiasi kwamba unaona mwanga kupitia kwake. Kuna nyakati nilitumia jioni nzima na mtambo ukashuka kimo cha unene wa kucha. Mzee alikuwa amekaa pembeni na kahawa yake, haongei, na mara kwa mara ananyoosha mkono kutaka aone. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye ukingo, kisha ananirudishia. Siku mtambo ulipokaa, nilijua kwa sauti. Nyundo ya mti ilipogonga, badala ya mlio wa chuma juu ya mti ukatoka mlio mmoja mzito, kama umegonga kitu kizima. Nikavuta nyundo ya bastola nyuma, nikaachia kwa kidole, ikatembea bila kugusa popote. Nikarudia mpaka mzee akacheka.

Kutia mtutu, kuchonga mpini ufuate mkono wangu, kupiga msasa, yote hayo yalikwenda haraka. Mti wa jozi ni mpole kwa mtu mwenye subira. Mtutu tuliuachia kutu makusudi: unaupaka maji ya dawa, unauacha upate kutu laini, unaisugua, unarudia mpaka chuma kinageuka rangi ya kahawia iliyoiva ambayo haing'ai machoni mwa mnyama. Mti ukanywa mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilipokauka mistari ya jozi ikazidi kujitokeza.

Theluji ilipoanza kuyeyuka tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha. Jiwe nililofunga kwenye taya lilitoka Brandon, Uingereza, mji uliochonga magumegume kwa jeshi lao wakati wa vita na Napoleon, na ambao baadaye, Ulaya ilipoacha kuyahitaji, uliendelea kuyauza Afrika. Nilimweleza mzee jambo hilo njiani. Alikuwa akiyanunua mawe ya mji huo tangu ujana wake na hakuwahi kufikiri wateja wengine walikuwa nani.

Mara ya kwanza tuliifyatua ikiwa imefungwa kwenye fremu, kwa kamba, sisi tukiwa nyuma ya ukuta wa magunia, kwa sababu mti mpya haujathibitishwa hata kama mtutu umethibitishwa. Tukaukagua mti shingoni kwa kioo cha kukuzia. Hapakuwa na ufa. Kisha nikashindilia kwa mkono wangu: baruti iliyopimwa, risasi ya mviringo ndani ya kitambaa kilichopakwa mafuta, mdeki ukashuka mpaka alama niliyoikata juu yake. Nikajaza kisahani, nikalenga, nikavuta. Ukiizoea bunduki ya kisasa hutarajii kile kipande kidogo cha muda kati ya cheche na mshindo. Lazima mkono uendelee kutulia baada ya kidole kumaliza kazi yake. Moshi mweupe ukatufunika. Ulipopungua tukaona tundu kwenye karatasi, chini kidogo ya katikati, upande wa kushoto. Mzee akanipa mkono na kuniambia nipige tena kabla haijapoa.

Jioni, nilipomaliza kuiosha kwa maji ya moto na sabuni, maana masalia ya baruti hula chuma usiku mmoja tu, nilimpigia baba mdogo kwa video. Hakutaka kuona karatasi ya shabaha. Alitaka nifungue skrubu mbili, niutoe mtambo, nimwonyeshe shimo. Nikalielekeza kwenye mwanga. Akanyamaza, akasogeza simu karibu na uso.

"Umelichimba kwa masizi?" akauliza.

"Kwa masizi, baba. Ya kibatari."

"Babu yako alifanya vivyo hivyo. Ila hili limebana kuliko lake."

Akaniambia gobore la babu lilikuwa limepasuka kitako tangu masika yaliyopita, wamelifunga kwa waya, naye haoni fundi wa kumwamini. Je, nikija likizo ningeweza kulichongea kitako cha mninga? Nikamwambia aende kwanza kituoni na kibali chake, aulize kama matengenezo ya kitako yanahitaji ruhusa ya maandishi, na kama inahitajika aiombe mapema. Ubao autafute sasa hivi, auweke kivulini ukauke taratibu, kwani mninga mbichi ukishakaa na chuma utapasuka palepale ulipopasuka wa zamani. Na mtambo aupige picha kwa juu, rula ikiwa pembeni, anitumie.